Vita vya Samar, 25 Oktoba 1944: wenye meli kubwa walikuwa wapi?

Mwalimu wa Tanga

Ndugu zangu, natumaini hamjambo nyote. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimeona kwamba wanafunzi wakifika kwenye vita vya Bahari ya Pasifiki wanazijua Pearl Harbor na Midway, kisha wanaruka hadi Hiroshima kana kwamba hapo katikati hapakutokea kitu. Safari hii nimeamua kuwasimulia asubuhi moja tu, ile ya tarehe 25 Oktoba 1944, katika bahari iliyo mashariki ya kisiwa cha Samar huko Ufilipino.

Kwa ambao hawajaisoma, habari yenyewe ni hii. Siku 5 kabla ya hapo, majeshi ya Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani yalikuwa yameshuka pwani ya Leyte, na nje ya ghuba kulikuwa na vikosi vitatu vya meli ndogo za kubeba ndege, kazi yake ikiwa ni kuwasaidia askari wa nchi kavu na kuwinda nyambizi. Kikosi cha kaskazini kabisa, kilichoitwa Taffy 3 chini ya Admeri Clifton Sprague, kilikuwa na meli 13: sita za kubeba ndege, zisizoweza kukimbia zaidi ya kilomita 35 hivi kwa saa, destroya tatu (manowari ndogo za kasi), na manowari nne za kusindikiza zilizo ndogo kuliko destroya. Katika meli hizo zote hapakuwa na mzinga uliozidi milimita 127. Karibu saa moja asubuhi walinzi waliona milingoti mirefu ikichomoza kwenye upeo wa macho. Kilikuwa ni kikosi cha Admeri Takeo Kurita wa Japani, chenye manowari nne kubwa za vita, kruza nane (manowari za ukubwa wa kati) na destroya 11. Mojawapo ya hizo nne ilikuwa Yamato, yenye mizinga ya sentimita 46 iliyoweza kurusha kombora la kilo 1,460 umbali wa zaidi ya kilomita 40.

Baada ya muda wa saa mbili na ushee, Kurita aligeuza meli zake akaondoka, na pwani ya Leyte haikuguswa.

Nilipomaliza kusimulia, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliuliza: "Mwalimu, hao Wamarekani wenye meli kubwa walikuwa wapi?" Nilimjibu kwamba walikuwa wamekwenda kaskazini, lakini nilijiona mwenyewe kwamba jibu hilo halitoshi, kwa sababu mtu yeyote anayetazama ramani anaona kwamba Kurita alikuwa na njia moja tu ya kupita, nayo ni mlango wa bahari wa San Bernardino. Mlango huo ungewezaje kuachwa usiku kucha bila hata destroya moja ya kuuchungulia? Naomba wenye kuifahamu habari hii kwa kina wanisaidie, kwa kuwa nitasimama mbele ya darasa hilo tena wiki ijayo.

Msomaji wa Ramani

Mwalimu, mpe heko mwanafunzi wako, kwa sababu swali lake ndilo aliloliuliza Admeri Chester Nimitz, mkuu wa majeshi ya majini ya Marekani katika Pasifiki, asubuhi ile ile akiwa Pearl Harbor, karibu kwa maneno yale yale. Nitakuja kwenye swali hilo, ila kwanza inabidi tuanze na mpangilio wa uongozi, kwa kuwa ndiko kosa lilikozaliwa.

Marekani ilikuwa na majeshi mawili ya manowari katika eneo lile. Kundi la Saba la Admeri Thomas Kinkaid lilikuwa chini ya MacArthur, nalo ndilo lililosimamia kuwashusha askari na kuwalinda. Kundi la Tatu la Admeri William Halsey, lenye meli kubwa na za kasi, lilikuwa chini ya Nimitz. Hapakuwa na kamanda mmoja wa majini aliyewaongoza wote wawili pale Leyte. Ili mmoja ampelekee mwenzake ujumbe wa simu ya upepo, ilibidi ujumbe upite kituo cha mbali na kusubiri zamu yake, na mara nyingine ulichelewa kwa saa kadhaa.

Wajapani walikuwa wamepanga mtego. Admeri Jisaburo Ozawa alikuja kutoka kaskazini na meli nne za kubeba ndege ambazo ndani yake mlikuwa na ndege mia moja na kidogo tu, akitaka aonekane ili Halsey amfuate. Siku ya tarehe 24, marubani wa Halsey walikuwa wameizamisha Musashi, ndugu ya Yamato, na wakaona Kurita akigeuka kurudi magharibi. Halsey aliamini kwamba Kurita amekwisha. Jioni akazichukua meli zake zote, zipatazo 65, akaelekea kaskazini kumfuata Ozawa. Usiku huo huo ndege zake za upelelezi zilileta habari kwamba Kurita amegeuka tena, na kwamba taa za kuongozea meli katika mlango wa San Bernardino, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa zimezimwa, sasa zinawaka. Hakubadili nia.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi huliona zito kuliko yote. Saa 9:12 alasiri ya tarehe 24, Halsey alikuwa ametuma ujumbe kwa makamanda wake, akizitaja meli ambazo zitatengwa kuwa Kikosi 34, zikiwemo manowari zake kubwa za vita. Katika Kiingereza, kauli aliyoitumia inaweza kusomwa kuwa ni jambo litakalofanyika baadaye, na pia inaweza kusomwa kuwa ni amri iliyokwisha kutolewa. Sisi tungelazimika kuchagua kati ya "kitaundwa" na "kimeundwa", na silabi moja ingetosha kuondoa shaka. Halsey alikusudia "kitaundwa nikiamuru", na alilifafanua hilo baadaye kwa redio ya masafa mafupi ambayo wasaidizi wake tu ndio waliweza kuisikia. Kinkaid, ambaye ujumbe ule haukuandikiwa yeye bali mafundi wake waliunasa, alisoma "kimeundwa", na Nimitz naye alisoma hivyo hivyo. Halafu jioni Halsey akatangaza kwamba anakwenda kaskazini na makundi madogo matatu ya meli zake. Kinkaid akapiga hesabu kwamba kumbe kundi la nne, lile la manowari kubwa, limebaki kuulinda mlango. Halikubaki, kwa kuwa lilikuwa bado halijaundwa.

Alfajiri Kinkaid aliona ahakikishe, akauliza. Jibu la "hapana" lilimfikia wakati makombora ya Kurita yameshaanza kuanguka kando ya meli za Sprague. Saa chache baadaye Nimitz akatuma swali lake kwa Halsey: Kikosi 34 kiko wapi? Karani wa mawasiliano alikuwa ameongeza mwishoni maneno ya kuwachanganya wadukuzi, kama ilivyokuwa kawaida, na kwa bahati mbaya maneno hayo yalisomeka kama sehemu ya swali, yakimaanisha kwamba dunia nzima inashangaa. Halsey alihisi ametukanwa mbele ya watu, akaitupa kofia yake sakafuni, na ilipita karibu saa nzima kabla ya kuzigeuza manowari zake kusini. Zilifika zikiwa zimechelewa mno.

Baharia Mstaafu, Mombasa

Mwalimu na ndugu yangu Msomaji, nawasalimu. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuwahi kuwa mwanajeshi, lakini simulizi ya Johnston nimeirudia mara nyingi kwa sababu naielewa kwa jicho la mtu aliyewahi kushika usukani.

Johnston ilikuwa destroya ya tani 2,100 hivi. Nahodha wake, Kamanda Ernest Evans, alikuwa na asili ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, na alizaliwa Pawnee, Oklahoma. Siku meli ilipokabidhiwa rasmi kwa jeshi, Oktoba 1943, aliwaambia mabaharia kwamba anakusudia kuipeleka mahali penye hatari, na kwamba asiyetaka kwenda huko ashuke mapema. Mwaka mmoja baadaye alitimiza. Makombora yalipoanza kuanguka, Sprague alikuwa bado anazigeuza meli za kubeba ndege upande wa mashariki, ziupokee upepo zirushe ndege, kisha zijifiche ndani ya mvua nzito iliyokuwa mbele yao. Evans hakungoja amri ya kushambulia. Alikwisha kumwaga pazia la moshi kuzificha zile kubwa, kisha akaelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya meli yake, moja kwa moja kwa adui, peke yake, huku akipinda kulia na kushoto kufuata mahali kombora la mwisho lilipoangukia, kwa hesabu kwamba mpiga mizinga akishasahihisha shabaha yake hatapiga pale pale tena.

Kila manowari ya Kijapani ilitia rangi yake ndani ya makombora ili wapigaji wajue la nani limeanguka wapi. Kwa hiyo maji yaliyoruka angani yakizizunguka meli za Sprague yalikuwa mekundu, ya kijani, ya manjano, ya zambarau. Umbali wa kupiga topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, ulipofika, Johnston iliachia zote kumi, ikageuka ndani ya moshi wake, na moja ikang'oa omo ya kruza Kumano. Kisha makombora makubwa yakaipata. Mtambo mmoja ukafa, mwendo ukapungua kwa nusu, na usukani wa juu ukakatika, ikabidi mabaharia wauzungushe kwa mikono kule tezi, nyuma ya meli, huku Evans, aliyekuwa amepoteza vidole viwili, akiwapigia kelele za maelekezo kupitia mlango wa sitaha.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Sprague alipoamuru sasa destroya nyingine zishambulie, Evans hakuwa na topido hata moja, na meli yake ilikuwa imelemaa. Hata hivyo aliziona Hoel, Heermann na ile ndogo Samuel B. Roberts zikipita kuelekea adui, akageuza, akazifuata nyuma ili azisaidie kwa mizinga iliyobaki.

Roberts haikuwa hata destroya kamili. Fundi wake wa mitambo alipandisha mvuke kupita kiwango kilichoruhusiwa, mpaka meli iliyoundwa kwenda kilomita 44 kwa saa ikapita 50. Mzinga wake wa nyuma ulikuwa chini ya Paul Carr, kijana ambaye wenzake walisema aliutunza kama mali yake. Ulipiga makombora zaidi ya 300, karibu yote yaliyokuwa ghalani. Upepo wa kusafisha mtutu ulikuwa umekatika, chuma kikawa moto kupita kiasi, na baruti ikalipuka kabla mzinga haujafungwa. Walipomfikia Carr, akiwa ameumia vibaya tumboni, alikuwa amelikumbatia kombora la mwisho na kuomba wamsaidie kulipakia. Kombora hilo lina uzito wa kilo 25 hivi. Mwalimu, waambie wanafunzi wako wainue nusu ya mfuko wa saruji, ndipo wataelewa. Wakamlaza pembeni wakaenda kumtoa mwingine, na waliporudi wakamkuta ameliinua tena. Alifariki dakika chache baadaye.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba wembamba wa meli hizi uliziokoa mara nyingi. Makombora ya Wajapani yalitengenezwa yatoboe chuma kinene kisha yalipuke ndani. Yalipokutana na bati jembamba yalipita upande huu yakatokea upande wa pili bila kulipuka, yakaenda kulipukia baharini au yasilipuke kabisa.

Mama Nuru

Shikamoo Baharia, na salamu kwa wote. Nimeyasoma mliyoyaandika kwa heshima, na sina ubishi na ushujaa wa watu hao. Lakini naomba niseme jambo ambalo kila ninaposoma habari za Samar naona linapitwa haraka, kana kwamba habari iliisha Kurita alipogeuka.

Haikuishia hapo. Johnston ilizama saa 4:10 asubuhi. Kabla yake zilikuwa zimezama Hoel, Roberts na meli ya kubeba ndege Gambier Bay. Baadaye asubuhi hiyo hiyo St. Lo nayo ilizamishwa na rubani wa Kijapani aliyejigonga nayo kwa makusudi. Watu wa St. Lo waliokolewa na meli zilizokuwa karibu. Lakini wale wa meli nne za kwanza, mamia kwa mamia, walibaki majini kwenye vyelezo na nyavu za maboya, wengi wakiwa na majeraha ya moto, wamepakaa mafuta mazito mwili mzima, bila maji ya kunywa. Walikaa hapo mchana ule, usiku, siku ya pili, na usiku wa pili. Papa waliwafuata. Wapo waliokunywa maji ya bahari wakapotewa na akili, wakaogelea kwenda kwenye visiwa vilivyokuwa machoni mwao tu.

Ndege za upande wao ziliwaona na kuwapungia bawa, lakini mahali palipotajwa kwenye taarifa hapakuwa sahihi, na waliotumwa kuwatafuta walitafuta pasipo na mtu. Walipatikana kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 27, na boti ndogo za doria na za kushushia askari zilizotoka Ghuba ya Leyte. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo hesabu hii ndiyo inayonikaa kichwani: Johnston ilikuwa na watu 327, na 186 hawakurudi. Kati yao, takriban 50 waliuawa na adui. Wengine 45 walifia kwenye vyelezo kwa majeraha yao. Na 92, akiwemo Kamanda Evans mwenyewe, walikuwa hai ndani ya maji meli ilipozama, na hawakuonekana tena.

Tazameni vizuri. Waliouawa moja kwa moja na adui ni kama robo tu ya waliokufa. Mwenye jeraha la moto au la chuma anaweza kuponywa akipata maji, bandeji na kivuli ndani ya saa chache, lakini hawezi kungoja siku mbili kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo Mwalimu, ukilijibu lile swali la wenye meli kubwa walikuwa wapi, tafadhali lijibu kwa siku zote tatu, si kwa asubuhi moja. Pengo lile lile la uongozi lililouacha mlango wazi ndilo lililowaacha hawa majini, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kulishughulikia.

Mwalimu wa Tanga

Marahaba nyingi za shukrani kwenu, na hasa kwako Mama Nuru. Nakiri kwamba katika maandalizi yangu nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu kuhusu waliokuwa majini, na hesabu hiyo ya watu 92 sikuwa nayo kabisa. Nitalibadilisha somo, nianze na hesabu hiyo, kisha nirudi nyuma.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, kwa nini Kurita aliondoka wakati ushindi ulikuwa karibu na mkono wake? La pili, je, kuna aliyewajibishwa?

Msomaji wa Ramani

Kurita baada ya vita alitoa maelezo zaidi ya moja, na mimi sipendi kuchagua moja na kuyaacha mengine. Hali yake inajulikana, hata hivyo. Tarehe 23 nyambizi ya Marekani iliizamisha Atago, meli yake ya uongozi, naye akaogelea kuokoa maisha yake. Tarehe 24 akaiona Musashi ikizama chini ya mashambulizi ya ndege. Kwa siku tatu hakuwa amelala ipasavyo. Asubuhi ya Samar, Yamato ilipofuatwa na topido ilizigeuzia tezi, ikajikuta ikikimbia kaskazini na topido sambamba kila upande kwa dakika kama kumi, na ilipoweza kugeuka ilikuwa nyuma ya vita na haioni kinachoendelea. Kruza zake zilikuwa zinaanza kuzama. Ndege kutoka vikosi vyote vitatu vya Taffy zilimjia bila kupumzika, nyingine zikishambulia kwa bunduki tu, nyingine zikishuka bila risasi hata moja ili meli zipinde na kupoteza shabaha. Na kwa kuwa taarifa ya Ozawa kwamba mtego umefaulu haikumfikia, aliamini kwamba mbele yake ni meli kubwa za Halsey. Mtu anayeamini hivyo, saa 3:11 asubuhi, akaamuru meli zake zilizotawanyika zijikusanye kaskazini, hana wazimu. Bila Evans na wenzake kushambulia namna ile, namna ambayo hakuna mwenye meli ndogo angetarajiwa kushambulia, sidhani kama angeliamini hilo kwa muda mrefu kiasi kile.

Kuhusu kuwajibishwa, jibu ni fupi. Kurita aliondolewa baharini Desemba mwaka ule akapewa chuo cha maofisa wa majini. Halsey hakuadhibiwa, na Desemba 1945 alipandishwa cheo cha juu kabisa cha jeshi la majini. Nimitz alieleza masikitiko yake kwa mkubwa wake kwa faragha, kwamba hakuwahi kufikiri kuwa Halsey angeuacha mlango ule, lakini hadharani hakumlaumu. Halsey na Kinkaid walitupiana lawama kwa miaka mingi baadaye. Evans alipewa Nishani ya Heshima akiwa marehemu.

Baharia Mstaafu, Mombasa

Marahaba, binti yangu Nuru. Umenisahihisha, na nimelipokea.

Mwalimu, huenda wanafunzi wakauliza kama kuna kilichobaki. Kipo. Mwaka 2021 chombo chenye watu kilishuka hadi kwenye mabaki ya Johnston, kwenye kina cha zaidi ya mita 6,400. Roberts ilipatikana mwaka uliofuata, chini zaidi, karibu mita 6,900. Sehemu ya mbele ya Johnston imesimama wima kwenye tope, na namba 557 inasomeka ubavuni pande zote mbili. Mizinga miwili ingali mahali pake, na nyuma yake ipo mitambo ya topido, zile kumi zilizokwisha kupigwa kabla ya saa moja na nusu asubuhi ya siku ile.